Ngumi Isiyofika

Mtaa wote wa Kiwanjani, mjini Isiolo, ulijua kwamba Faduma alisamehe. Wanawake walimtaja kwenye darsa, walimtaja kwenye foleni ya maji, na jirani mmoja alipogombana na wifi yake walimwambia aende akamtazame Faduma aone moyo wa Muislamu ulivyo. Gumato, binti yake, kila aliposikia sifa hizo aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Hakuwa anatafuta chochote. Alikuwa anaficha uso, maana uso wake haukuwa umemsamehe mtu.

Yaliyotokea yalitokea mchana kweupe, pale wanawake wanapopokea maziwa ya ngamia. Gari lilikuwa limechelewa kutoka malishoni, jua limepanda, wateja wamenuna. Lilipofika watu wakalivamia. Sabdio, muuzaji mwenzake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mabega mapana na sauti ya kuamrisha, akasema mbele ya wanunuzi kwamba jerikani za Faduma zimetiwa maji. Sasa Faduma alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe ulijulikana soko zima. Alijibu kwamba anayeijua sana ladha ya maji ndani ya maziwa ni yule aliyezoea kuyatia. Watu wakaangua kicheko. Sabdio hakucheka. Alipiga hatua moja, akazungusha kiuno, na ngumi yake ikamkuta Faduma amebeba jerikani kila mkono.

Haikuwa ngumi ya sokoni, ile ya kurusha mkono ovyo na kuvutana mitandio. Sabdio alikuwa mwanafunzi wa darasa la wanawake la ngumi na mateke, na alikuwa hodari kuliko wote. Taya la Faduma lilivunjika. Hospitalini waliliunga kwa nyaya, na nyaya zilipotolewa mdomo ulikuwa umekaa upande. Tangu hapo Faduma akizungumza hushika kona ya mtandio tayari kupangusa mate. Nyama haiwezi kabisa. Mwanamke aliyezaliwa kwa watu wa ng'ombe, aliyekula nyama arusi zote za Isiolo na nyingine za Garba Tula, akienda kwa watu sasa huwekewa uji pembeni, kama mtoto anayeota meno.

Wazee walikaa. Haikuwa mara ya kwanza wao kukaa kwa jambo la namna hiyo, na walijua njia yake. Jamaa za Sabdio walileta mtamba mwenye afya, wakagharamia matibabu, wakaomba radhi wakiwa wameinamisha vichwa. Mzee Golicha, msemaji wa wazee, aliomba amani ya watu na mifugo, na kila alipotaja amani watu waliitikia. Kisha zikapitishwa buni zilizokaangwa kwa samli, kila mmoja achukue, atafune, ameze. Ukishameza, jambo limezikwa. Atakayelifukua baadaye amewatukana wazee, na jamaa yake yote itatengwa: hawatasaidiwa kisimani, hawatazikiwa maiti wao. Faduma alichukua buni yake, akaizungusha mdomoni upande usiouma, akameza, akasema amesamehe. Gumato aliweka yake chini ya ulimi. Alipotoka nje alijifanya anapenga kamasi, akaitema kwenye kitambaa.

Hakuna aliyemwona. Lakini kutomeza hakukumsaidia sana, kwa kuwa mbele za watu alikuwa amemeza. Asingeweza kumgusa Sabdio njiani wala sokoni. Kila asubuhi, Gumato akiwa sasa ameshika nafasi ya mama yake, walipanga jerikani zao umbali wa hatua chache, na Sabdio alimsalimu, "Salaam aleikum, Gumato, nagaa?" naye akajibu kwamba ni nagaa tupu, amani tupu, huku roho inamwaka. Alimchukia yule mwanamke kwa moyo wake wote. Aliyachukia mabega yake, alichukia namna alivyokuwa anakula mandazi, akiuma kipande kikubwa na kutafuna polepole kwa meno yote aliyopewa na Mungu.

Ndipo akapata wazo, na wazo lilimpendeza hadi akajicheka. Mahali pamoja tu Isiolo nzima mtu angeweza kumpiga Sabdio usoni na asiulizwe na mzee yeyote. Ngumi ya darasani si ugomvi. Ni mazoezi.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa mabati, Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri. Wanaume walitolewa, madirisha yakafunikwa kwa leso, wanawake wakavua mabuibui wakabaki na suruali na fulana za mikono mirefu. Mwalimu wao alikuwa Kajuju, Mmeru aliyestaafu kutoka idara ya magereza, mfupi, shingo nene, na pua iliyowahi kuvunjwa ikarudishwa na mtu asiye na haraka. Alimuuliza Gumato amekuja kutafuta nini. Gumato akasema amekuja kupunguza mwili.

Kajuju alimtazama toka juu hadi chini. Gumato alikuwa mwembamba kama ufito.

"Ukipunguza hiyo," alisema, "tutakuwa tunakutafuta na tochi."

Wenzake walicheka, Sabdio pia. Lakini Kajuju alimpa glovu.

Wiki za kwanza hakuna kupigana. Ni kuruka kamba, kupiga pedi, kuzunguka sakafuni ukiipiga hewa, kujifunza kusimama. Gumato alifanya yote kwa pupa, akingojea tu siku atakayoruhusiwa kupimana, kwani hivyo ndivyo walivyoita kupigana darasani: kupimana. Mkipimana mnavaa kofia za kinga na kinga za meno, mnapigana kwa nguvu ya kiasi, na Kajuju akisema "acha," mnaacha. Siku Kajuju alipomuuliza kama yuko tayari, alisema yuko tayari, na akasema anamtaka Sabdio. Kajuju alikunja uso kidogo, lakini hakuwa mtu wa soko la maziwa na hakuna aliyekuwa amemsimulia. Akakubali.

Gumato alimwendea Sabdio na taya la mama yake machoni. Hakuona kingine. Alirusha mkono wa kulia kwa nguvu zote, Sabdio akasogea kidogo tu na mkono ukapita hewani. Akarusha tena, ukapita tena. Halafu likaja teke, likamkuta chini ya mbavu, pumzi yote ikamtoka na magoti yakaona afadhali yapumzike. Alijikuta amekaa chini. Sabdio alikuja, akamshika mkono, akamwinua.

"Pole, dada," alisema. "Unakuja na nguvu mingi. Pole pole utashika."

Lile pole lilimuuma kuliko teke. Kama Sabdio angemcheka, angevumilia. Alirudi nyumbani ameshika ubavu, akamkuta mama yake ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Faduma alimtazama alivyokaa kwa upande, asimuulize ameumiaje. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Sabdio alikuwepo. Gumato akasema alikuwepo. Faduma akarudi kwenye mchele.

Jumatano iliyofuata Kajuju alimzuia mlangoni wenzake walipoondoka.

"Wewe hukuja hapa kupigana," alimwambia. "Ulikuja kupiga mtu moja. Hiyo ni vitu mbili tofauti. Mimi nilichunga wanawake wa jela miaka mingi, hiyo macho yako naijua. Hasira yako inaanzia kwa bega. Kabla mkono itoke, bega imeshampigia simu kumwambia mkono iko njiani. Yeye anakaa tu anangoja wageni."

Gumato alitaka kukana. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa, bega linanyamazishwaje.

Pengine Kajuju angemfukuza siku hiyo, na ingekuwa heri kwa kila mtu. Lakini mwalimu ni mwalimu. Akiulizwa swali zuri, hujibu. Akamfundisha.

Alimfundisha kwanza kukaa mbali. Alisema wajinga hudhani kupigana ni mikono, ilhali ni miguu: ukae pale ambapo mwenzako akirusha hafiki, na wewe ukiongeza nusu hatua unafika. Nusu hatua hiyo ndiyo vita yote, mengine ni kelele. Akamfundisha kutoa pumzi kila anaporusha, kwa sababu mtu aliyebana pumzi huchoka kabla hajapigwa. Akamfundisha kutotazama pale anapotaka kupiga. Utazame kifuani, alisema, kifua hakijui kudanganya. Gumato alijizoeza hata sokoni, akipita katikati ya jerikani na wanawake waliochuchumaa bila kugusa pindo la mtu, mabega yamelegea, uso mtulivu. Wateja wakadhani amepata mchumba.

La mwisho Kajuju alilomfundisha ndilo lililomkaa. Lilikuwa ni ngumi ya uongo, ile unayoianza na usiimalize. Unaanzisha, mwenzako anajikinga juu, unapiga chini. Hilo Gumato alilielewa haraka. Kajuju akamwambia hapo bado ni nusu.

"Mtu hapigwi na mkono," alisema. "Anapigwa na ile kitu anangojea. Ukimfanya angoje, umeshamshika. Hata usiporusha, umemshika."

Gumato alikwenda nalo nyumbani akalala nalo. Alipimana na wengine wote kabla hajamwomba tena Sabdio. Alipimana na Ntinyari wa duka la dawa, na Nakuam kutoka Ngaremara aliyekuwa na mikono mirefu ya kuudhi, akapigwa, akapiga, akajua pigo lipi linauma kweli na lipi ni kelele tu. Na wakati wote huo, akiwa ameketi ukutani anafungua kamba za viatu, alimsoma Sabdio. Sabdio alikuwa na kasoro moja. Akitaka kurusha teke la kulia, mkono wa kulia ulishuka hadi kiunoni ili asipoteze mizani, na taya likabaki wazi upande huo kwa muda wa kupepesa jicho. Ni upande ule ule alioumia Faduma. Gumato alipoligundua hilo alisikia raha ya kweli, raha ya mtu aliyeona ufunguo mlangoni, na hakuionea aibu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi baada ya Idi. Kajuju alimuuliza Sabdio kama yuko tayari kupimana na Gumato, Sabdio akasema yuko tayari, akavaa kofia yake huku akimtania Ntinyari. Walianza. Gumato alikaa mbali. Sabdio akarusha, hakufika, akarusha tena, hakufika, na utani ukamwisha usoni. Akaanza kumfuata. Gumato alirudi nyuma kwa mduara, pumzi yake taratibu, macho kifuani mwa mwenzake. Alisubiri. Mwishowe mguu wa kulia wa Sabdio ukapanda, mkono wa kulia ukashuka, na taya likawa wazi.

Nusu hatua. Bega halikupiga simu. Ngumi ilitoka kama alivyofundishwa, kiuno nyuma yake na mwaka mzima wa uji wa mama nyuma ya kiuno. Na kabla haijafika Gumato aliona macho ya Sabdio. Yalikuwa yamejua. Mwanamke yule alikuwa amejua ni ngumi gani hiyo na inatoka wapi, akayafumba, uso mzima umejikunja kungojea. Ngumi ilisimama upana wa kidole kutoka kwenye taya.

Gumato mwenyewe hakujua kwa nini ameisimamisha. Lakini alipoutazama uso ule, uliobaki umejikunja wakati hakuna kilichofika, alielewa alichokuwa nacho mkononi. Kumpiga kungeisha. Angeanguka, angesema pole dada, angeinuka, na siku ya pili angekula mandazi. Huku kungojea kusingeisha. Sabdio alifumbua macho, akaiona glovu palepale. Gumato alitabasamu, akaishusha polepole, akarudi nyuma hatua mbili.

"Tuendelee," alisema.

Wakaendelea, na ikawa hivyo tena, na Jumamosi iliyofuata vilevile. Kila taya lilipokuwa wazi ngumi ilikwenda ikasimama. Gumato hakumgusa hata mara moja. Sabdio alianza kupiga mbio mbio, kisha akaanza kujikinga mapema mno, kisha akaacha kabisa kurusha teke la kulia. Bila teke lile hakuwa tena Sabdio. Hata Ntinyari, ambaye zamani alimkimbia, alianza kumpiga. Wakati fulani alitega vipindi viwili. Kwa bahati mbaya yake kulikuwa na soko la maziwa, na sokoni alikuwepo Gumato kila asubuhi, hatua chache kutoka kwake, akimsalimu kwa adabu zote.

Asubuhi moja Gumato aliinua mkono kurekebisha mtandio wake. Basi tu, mtandio ulikuwa umeteleza. Sabdio, aliyekuwa anamimina maziwa, alirusha kichwa nyuma na mkebe ukamtoka. Maziwa yakamwagika miguuni mwa mteja. Wanawake wakatazamana. Gumato aliokota mkebe, akaupangusa, akamrudishia kwa mikono miwili, akasema pole dada.

Alijisikia mkubwa siku hiyo. Tusidanganyane, alisikia utamu. Alitembea Kiwanjani na kifua mbele, na alipomsimulia mama yake kilichotokea kwenye maziwa, akijifanya ni habari za soko tu, Faduma aliinua kona ya mtandio akapangusa mdomo, akamwomba arudie pale mkebe ulipoanguka.

Sabdio alikwenda kwa Mzee Golicha. Habari hazifichiki Isiolo, zilifika kwa Gumato kabla ya magharibi. Sabdio alimwambia mzee kwamba binti ya Faduma anafukua jambo lililozikwa. Mzee akauliza amempiga wapi. Hajampiga. Amemtukana? Hajamtukana. Amemwambia nini? Amemwambia pole. Mzee Golicha akatikisa kichwa, akamshauri aende akanywe maziwa apumzike, na kama hataki kuogopa glovu aache mchezo wa wanaume. Kulikuwa na watu kibarazani. Sabdio aliondoka huku wanacheka, na kicheko kile kilimfuata hadi sokoni.

Baada ya hapo alikonda. Lilikuwa jambo la kuonekana kwa macho: mabega yale mapana yakabaki mifupa iliyotundikwa nguo. Alikuwa akimimina maziwa macho yako kwenye mikono ya Gumato, yanapita ukingo wa mkebe, na mteja hapendi kulipia yaliyomwagika. Mmoja mmoja wakahamia kwa Gumato. Wa kwanza walimfurahisha. Wa mwisho alikuwa mzee kipofu aliyeongozwa kwa fimbo, mteja wa Sabdio wa tangu zamani, akasema ameambiwa yule mama siku hizi ana mashetani. Gumato alimpimia maziwa, na kwa mara ya kwanza hakupata ladha yoyote. Alimtazama Sabdio aliyekuwa ameketi juu ya jerikani iliyojaa, saa tano ya mchana, hakuna aliyesimama mbele yake. Alikuwa ameshika mandazi bila kuyala.

Jumamosi hiyo Kajuju hakuwaacha wapimane. Alimvuta Gumato pembeni, akamwambia bila kupaza sauti kwamba ameelewa sasa, Ntinyari amemweleza yote, habari za taya na za wazee.

"Mimi nilikufundisha hii kitu," alisema, "kwa hivyo na mimi nimo. Jela nilijua askari moja hakuwahi piga mfungwa. Alikuwa anapita tu kwa mlango akichezesha funguo. Wafungwa walimwogopa kuliko wale wa rungu, na mimi pia nilimwogopa. Mpige hiyo moja yako iishe, ama usirudi hapa."

Gumato alirudi nyumbani na maneno hayo, na njiani aliona kwamba amechoka. Hakujua kuchoka kulianza lini. Chuki ile ilikuwa imemlisha mwaka na zaidi, sasa alipojipapasa aliikuta imepungua, imebaki mazoea. Akaamua. Jumamosi ijayo angempiga Sabdio ngumi moja ya kiasi, ya darasani, juu ya kofia ya kinga, kisha amshike mkono amwinue kama yeye alivyoinuliwa. Basi. Kila mtu aende zake. Uamuzi huo ulimwondolea mzigo hadi akapitia kwa Rimberia, muuza matunda, kununua maembe ya mama, yale laini yasiyohitaji meno.

Hakujua kwamba Sabdio naye alikuwa ameamua. Alikuja Alhamisi mchana, baada ya adhuhuri, akabisha hodi vizuri. Faduma alikuwa mkekani na Gumato anafua uani. Gumato alisikia salamu, akaingia na mikono yenye povu, akamkuta Sabdio amepiga magoti mlangoni, mbele ya mama yake. Hakuwa amevua hata viatu.

"Mama Gumato," alisema, "mwambie huyu anipige."

Faduma alimuuliza apigwe kwa nini.

"Unajua kwa nini. Mimi silali. Nikilala naona hiyo mkono inakuja na haifiki. Tangu Idi, Mama. Sasa hata mtu akifungua mlango mimi nainama. Mwambie anipige hapa mbele yako, taya ikivunjika ivunjike. Sitaenda kwa wazee, walahi. Nitasema nimeanguka."

Gumato alitaka kumwambia ainuke. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: kwamba imeisha, kwamba alikwisha kuamua, kwamba Jumamosi wangemaliza au hata sasa hivi, kwa kumshika tu mkono. Alitazama mama yake akitarajia msaada, maana huyu ndiye aliyesamehe, mtaa mzima unajua. Faduma alikuwa anamtazama Sabdio kwa makini, kichwa amekiinamisha upande wa taya zima. Gumato alikuwa hajamwona akitazama kitu hivyo tangu enzi za kuchagua ngamia wa maziwa.

"Unakula?" Faduma aliuliza.

"Chakula haipiti."

"Nyama?"

"Hata nyama."

Faduma aliitikia kwa kichwa taratibu, akapangusa mdomo. Akazungumza kwa ile sauti yake ya upande mmoja, kila neno likitafutiwa njia.

"Wazee walikaa hapa kwa mlango yangu tangu asubuhi. Kila mtu alikuwa anaangalia hii mdomo, itasema nini. Ningesema sijasamehe ningeitwa nani? Nikasema. Nikameza. Wakaenda nyumbani wakakula nyama." Akamgeukia binti yake. "Gumato, usimguse."

"Mama, mimi nilikuwa nataka tuishie hapa. Nimechoka."

"Mimi sijachoka," alisema Faduma. "Mimi nilikuwa nangoja wewe uanze. Usimguse leo, usimguse Jumamosi. Sokoni umsalimie vizuri. Akihama, ujue amehamia wapi."

Sabdio alilia bila sauti, kisha akainuka akishika fremu ya mlango. Alipopita karibu na Gumato aliinama, kidogo tu, bega likakinga taya, ingawa mikono ya Gumato ilikuwa imening'inia na povu linadondoka sakafuni. Faduma alimuaga kwa heshima, akamwambia awasalimu nyumbani. Kisha akaomba embe.

Gumato alimenya embe na kulikata vipande vidogo. Alijaribu kusema, mara mbili alijaribu, kwamba mwalimu amemkataza, kwamba yule mwanamke atakufa. Faduma alikula kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu siku ya hospitali, juisi ikimtiririka kidevuni, na hakuipangusa.

Jumamosi Gumato alikusudia kutokwenda darasani. Aliswali alasiri akakaa mkekani, akaamua kwamba atasema anaumwa tumbo. Mama yake aliingia na vile vitambaa virefu ambavyo Gumato hufunga mikononi kabla ya kuvaa glovu. Alikuwa amevifua mwenyewe, amevianika, amevikunja. Akaketi mbele yake, akauchukua mkono wake wa kulia, akaanza kumfunga, taratibu, kidole kwa kidole.